Mapenzi ya Jikoni Huanza Kabla ya Moto

Huku Bomet saa za siku zimo ndani ya majina ya watu. Mtoto aliyezaliwa jioni ng'ombe wakirudi nyumbani huitwa Kiprotich akiwa mvulana, Cherotich akiwa msichana. Aliyezaliwa mbuzi wakirejea ni Kiprono au Cherono. Ndiyo saa tuliyomo sasa hivi. Kuanzia Silibwet hadi Mogogosiek, kuanzia Longisa hadi Ndanai, moshi unapenya kwenye mapaa ya mabati, maji ya ugali yameanza kuchemka, na katika nyumba nyingi za watu waliooana kuna mmoja anayepika na mwingine anayengoja. Mazungumzo ya leo yanawahusu hao wawili. Wako wanaosema kwamba chakula anachopika mtu kwa mikono yake ndicho kipimo cha mapenzi katika ndoa. Wako wanaowajibu kwamba maneno hayo ni kamba ya kumfungia mwanamke mekoni. Naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Chakula cha nyumbani ni mapenzi, tena mapenzi makubwa. Lakini tukiyatafuta mapenzi hayo katika ile nusu saa ya kusonga ugali peke yake, tutayakosa, na tutamlaumu asiyestahili lawama. Sehemu yake kubwa imo katika yanayofanywa kabla ya moto kuwashwa, na hayo yana nafasi ya mikono minne.

Tuanze na mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, maana sijui chakula cha huku kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Anayekunywa humaliza kikombe kwa dakika chache. Aliyeitayarisha alianza siku nyingi nyuma. Kibuyu, yaani sotet, kilikaushwa, kikatolewa mbegu na nyama ya ndani, kikaoshwa tena na tena hadi uchungu wake ukaisha. Kisha kijiti cha mti wa senetwet kikachomwa hadi ncha yake ikawa kaa jekundu, kikaingizwa kibuyuni, na kaa likasagwa kwenye kuta kwa sosiot, ule ufito wa mtende uliochambuliwa ncha ukawa kama brashi. Mkono ukazungusha taratibu, kushoto na kulia, hadi ndani kote kukapakwa weusi laini usioacha doa, na unga uliozidi ukakung'utwa. Maziwa yakachemshwa, yakaachwa yapoe kabisa, ndipo yakamiminwa. Kifuniko kikabanwa, kibuyu kikawekwa pembeni penye ubaridi. Baada ya siku kadhaa, na wengine hungoja wiki au zaidi, maziwa yameganda, yana michirizi ya kijivu na harufu ya moshi inayojulikana kabla mtu hajaonja. Anayejaza kibuyu Jumatatu, basi, anamfikiria mtu atakayekuwa na kiu Ijumaa. Huko ndiko kupenda: kumfikiria mwenzako kabla yeye mwenyewe hajasikia njaa. Na ndiyo maana mursik haikosekani kwenye koito, siku jamaa wa pande mbili wanapokaa kuzungumza mahari, na ndiyo maana wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege wa Eldoret na medali zao hupokewa kwa kibuyu. Kinywaji kile kinamwambia anayekunywa: tulikungoja, na tulipokuwa tukingoja tulikuwa tukikutayarishia.

Mboga zetu za kienyeji zinasema vivyo hivyo. Saga na managu ni chungu, na asiyezijua huzichemsha akazitupa. Anayezijua huchambua jani moja moja, huzichemsha, huzitia maziwa au malai, na huziacha hadi kesho yake ili uchungu ulainike. Usiku ule wa kuziacha ni sehemu ya mapishi, ingawa moto umezimwa. Na pamoja na ujuzi wa mboga kuna ujuzi wa mtu. Katika ndoa iliyokaa, mpishi anajua nani anapenda ukoko wa ugali na nani hauwezi kwa sababu ya meno. Anajua nani ameambiwa na daktari apunguze chumvi, nani akila maharagwe usiku hapati usingizi, nani akinyamaza mezani ana jambo moyoni. Ujuzi huu haumo katika kitabu chochote cha mapishi. Hukusanywa polepole na macho yanayomtazama mtu mmoja kwa miaka mingi. Mgeni anaweza kupika ugali mzuri kuliko mke wako au mume wako, lakini hawezi kukupikia wewe.

Nitoe mfano mmoja ulio karibu mno nasi, kwa kuwa sisi ni watu wa chai. Chai ya maziwa katika nyumba nyingi za Bomet na Kericho hunywewa ikiwa bado inafuka, na kumpa mtu chai iliyopoa huonekana kama kumdharau. Lakini mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Hapa Bomet saratani hiyo si habari ya mbali. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek wameitibu na kuichunguza kwa miaka mingi, na miongoni mwa wagonjwa wao wamo vijana. Chanzo chake si kimoja, na sitaki mtu atoke hapa akimlaumu marehemu au aliyempikia. Ninachotaka tukione ni hiki: kumwekea mtu kikombe mbele yake na kumwambia, "Baba Chebet, ngoja kidogo ipoe," ni tendo la mapenzi sawa na kuipika chai yenyewe. Mila ilitufundisha kwamba chai moto ni heshima. Kumpenda mtu kunatutaka tuiulize mila swali moja zaidi: je, heshima hii inaujenga mwili wake au inauunguza?

Sasa, kama mapenzi ya chakula yamo katika kufikiria na kuangalia, basi hayamo katika mateso. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi huchanganya mawili hayo. Utasikia: mama zetu walipika kwa kuni mbichi, walibeba maji mgongoni, na hayo ndiyo yalikuwa mapenzi, wanawake wa leo wakitaka jiko la gesi wamepungukiwa. Historia yetu wenyewe inalikanusha wazo hilo. Kabla mahindi hayajaenea, ugali wa huku, yaani kimyet, ulikuwa wa wimbi, na mwanamke aliusaga unga wake kwa jiwe, amepiga magoti, mgongo ukipanda na kushuka. Kati ya vita viwili vikuu vya dunia, mahindi yakatapakaa huku kwetu Ukipsigis na vinu vya maji vikajengwa kando ya mito. Kazi iliyokuwa ikivunja mgongo ikamalizwa na gurudumu. Sijasikia mzee yeyote akidai kwamba siku kinu kilipoanza kunguruma ndipo mapenzi yalipoanza kufa majumbani. Watu waliendelea kutazamana kwa upendo, waliendelea kuzaa, waliendelea kumwekea mwenzao fungu lake. Kilichoondoka ni maumivu, na mapenzi yakabaki pale pale. Ikiwa kinu hakikuyaua, basi jiko lisilotoa moshi nalo halitayaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, nyingi ikitoka kwenye meko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Mume anayeziba nyufa za zizi ili ng'ombe wasipate baridi, lakini hajawahi kufikiria dirisha au bomba la moshi kwa ajili ya jiko la mkewe, amekosa nafasi ya kupenda iliyokuwa wazi mbele yake.

Hapo ndipo hoja yangu inapofika kwa mwanamume. Nimesema kazi kubwa ya chakula hufanywa kabla ya moto. Tuihesabu: kuni zikatwe na zipasuliwe, maji yachotwe, ng'ombe akatiwe majani na akamuliwe, mahindi yapelekwe kinuni, mboga zipandwe, sokoni paendwe, vyombo vioshwe ili jioni viwe safi. Katika orodha nzima hiyo hakuna hata kazi moja inayohitaji mwili wa mwanamke. Lakini nani anaifanya? Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu kuhusu matumizi ya muda, uliofanywa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Liwekeni hilo katika siku ya mkulima wa chai kule Konoin. Alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, mke na mume wanaingia katika mistari ileile. Vidole vyao vinafanya kazi ileile ya kukonyoa majani mawili na kichipukizi chake na kurusha begani hadi kikapuni. Majani hayangoji, lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo, kwa hiyo wanasimama wote wawili kituoni wakisubiri kupimiwa na kupakia kwenye lori. Saa kumi na mbili jioni wanarudi kwa njia moja, wamechoka uchovu mmoja. Mlangoni ndipo njia zinapoachana. Mmoja anakaa, mwingine anainama kupuliza moto. Shambani hawakutofautiana kwa nguvu wala kwa ujuzi. Kizingiti peke yake ndicho kilichowatofautisha.

Najua jibu litakalotoka kwa wazee, na ni jibu la kuheshimiwa. Watasema: mila yetu haimruhusu mwanamume kukaa mekoni, na mwanamume anayepekua sufuria amejivunjia heshima. Ni kweli kwamba Wakipsigis waligawa kazi, na mgawanyo ule ulikuwa na maana yake. Mwanamume alichunga na kulinda ng'ombe, alijenga, alifyeka msitu pakalimwa wimbi. Maziwa yaliyoingia kibuyuni yalikuwa yamepita mikononi mwake kwanza, kwa njia ya malisho na ulinzi. Kwa maneno mengine, mila ya zamani haikumwacha mwanamume nje ya chakula. Ilimpa sehemu nzito ya ile kazi ya kabla ya moto. Tulichofanya sisi ni kuiacha sehemu yake ipotee, malisho yakawa mashamba ya chai, msitu ukaisha kufyekwa, kisha tukaendelea kudai sehemu ya mwanamke itimizwe kama zamani. Huko si kushika mila, ni kushika nusu yake. Tena tazameni hoteli za Bomet mjini, Kaplong na Kericho: wengi wanaokaanga chapati na kuchemsha supu pale ni wanaume. Katika shule nyingi za bweni wapishi ni wanaume. Nyama choma ikichomwa, mwanamume ndiye anayeshika kisu na hakuna anayemcheka. Vibarua waliokuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya chai tangu miaka ya 1920, wengi wakiwa wanaume waliowaacha wake zao nyumbani, walijipikia posho yao wenyewe katika nyumba za kampuni. Kama moto ungekuwa unaondoa uanaume, ungewaondolea hao wote. Inaonekana kinachotusumbua ni mwanamume kumpikia mke wake bila kulipwa. Na kumfanyia mtu kazi bila malipo, kwa hiari, kwa sababu ni yeye, ndiyo maana ya kwanza kabisa ya kupenda.

Wengine watasema: mimi sehemu yangu ni pesa. Naamka, natafuta, naleta unga na sukari. Mwezi wa kumi bonasi ya chai ikilipwa, nalipa karo na deni la duka. Hilo nalo ni la kweli, na ninawaomba akina mama wasilidharau, kwa maana mfuko wa unga uliobebwa begani kutoka sokoni ni barua ya mapenzi kwa anayejua kuisoma. Lakini pesa isiigeuze kazi ya jikoni kuwa si kitu. Sheria ya nchi yetu imelitambua hilo waziwazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na hata ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inapoeleza maana ya mchango wa mtu katika ndoa, inataja pesa, na pamoja nayo inataja kazi za nyumbani na uangalizi wa nyumba, malezi ya watoto, kazi ya shamba, na hata kule kuwa mwenzi wa mwenzako. Mwaka 2021, katika Mahakama Kuu hapo Nakuru, Jaji Teresia Matheka alieleza kwamba kulea watoto, kupika na kusafisha ni kazi ambazo familia hulipa watu wazifanye, kwa hiyo mchango wa mwanamke anayezifanya lazima uzingatiwe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba usawa hauna maana ya kugawa mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Ukiyaweka yote hayo pamoja utaona kwamba hata mahakama, ambayo si mahali pa kuzungumzia mapenzi, imekubali kuliweka sufuria mezani likahesabiwe. Je, nyumbani, ambako ndiko mahali pake, tusilihesabu? Ni huzuni kubwa mtu kusubiri ndoa ivunjike ndipo asikie kwa mara ya kwanza, tena kutoka kwa hakimu, kwamba ugali wake wa miaka ishirini ulikuwa na thamani.

Nakuja kwa pingamizi lililo zito kuliko yote, na hili hutoka kwa binti zetu. Wanasema: mkisema chakula ni mapenzi, mnatutega. Siku nikichoka nisipike, nitaambiwa simpendi. Siku chumvi ikizidi, nitaambiwa nimebadilika. Na wapo wanaopigwa kwa sababu chakula kimechelewa. Sina njia ya kulikwepa neno hili, na sitaki kulikwepa. Chakula kinachopikwa kwa hofu si zawadi, ni kodi. Na anayekula kodi hana haki ya kuiita mapenzi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani tangu mwaka 2015, na mtu anayeinua mkono kwa sababu ya sahani anapaswa kujua kwamba anavunja sheria, pamoja na kuvunja kitu ambacho hakuna sheria inayoweza kukiunganisha tena. Lakini naomba tusimtupe mtoto wa watu kwa sababu ya uchafu wa beseni lake. Kwamba kuna wanaoitumia lugha ya mapenzi kutoa amri hakuifanyi lugha yenyewe kuwa ya uongo. Pwani yetu ina wosia maarufu wa Mwana Kupona binti Msham, aliomtungia binti yake mnamo 1858. Ndani yake anamfundisha namna ya kuishi na mume, pamoja na kumtunza na kumwandalia chakula aamkapo. Wengine leo wanausoma utendi huo kwa hasira. Mimi nausoma kwa heshima, nikisikia mama mgonjwa akimkabidhi bintiye alichokijua cha kumlinda katika ulimwengu wake. Swali langu ni jingine: wosia wa mvulana uko wapi? Nani anamketisha kijana wa Sigor au Mulot kabla ya koito yake na kumfundisha namna ya kuandaa chakula cha mke aliyejifungua, namna ya kula kisichokolea bila kununa, namna ya kusema "leo pumzika, Mama Kiprono, nitasonga mimi"? Binti zetu hawalikatai jiko. Wanakataa kuongea lugha hiyo peke yao wakati mwenzao ni msikilizaji tu.

Kuna pia neno la umaskini. Mtu atauliza: unazungumzia mursik na malai, na asiye na ng'ombe je? Bomet inalijua jibu lake vizuri. Septemba 2011, katika sehemu za chini za Longisa, mahindi yalianza kuwa manjano kutoka kingo za majani, yakakauka kabla ya kubeba. Mabua yaliyozaa yakatoa magunzi yenye punje chache zilizosinyaa. Ulikuwa ugonjwa unaoletwa na virusi viwili vikikutana katika mmea mmoja, na ilikuwa mara ya kwanza kuripotiwa nchini Kenya. Kutoka hapa ukasambaa. Wakulima wakashauriwa waache kupanda mahindi kwa msimu na waweke mimea mingine. Hebu fikirini maana yake jikoni, mahali ambapo mlo bila ugali huhesabiwa kuwa si mlo. Mpishi alilazimika kuvumbua: viazi leo, wimbi kesho, maharagwe na mboga kesho kutwa. Mlaji alilazimika kufanya kazi yake pia, na kazi yake ilikuwa kupokea bila kunung'unika na kutoka nje kutafuta. Nyakati za njaa hazifuti mapenzi ya chakula. Huyaanika tu yaonekane yamekaa wapi. Huonekana katika nani anajipakulia kwanza, nani anakwangua sufuria, nani anasema "nimeshiba" akiwa hajashiba. Katika nyumba zetu nyingi anayesema hivyo ni mama. Mume anayempenda mkewe hujifunza kuutambua uongo ule mwema na kuukataa, akirudisha kipande cha nyama katika sahani kilikotoka.

Mwisho wapo wanandoa wa mjini, na wale ambao kazi imewatenganisha, mmoja Nairobi au Doha na mwingine hapa. Hawa huuliza kama kununua chakula hotelini, au kuajiri msaidizi wa kupika, ni dalili ya mapenzi kupoa. Sioni hivyo. Aliyepita kibandani akakumbuka kwamba mwenzake hali pilipili, akaagiza bila pilipili, amepika kwa akili yake hata kama moto ni wa mwingine. Anayepiga simu kutoka ng'ambo akauliza, "Umekula nini leo?" na akangoja jibu, amekaa mezani. Lakini pia tusijidanganye. Kukumbuka kunahitaji mazoezi, na hakuna mazoezi yaliyo mazuri kama kumpikia mtu kwa mikono yako mwenyewe, mara kwa mara. Mikono ndiyo inayowafundisha watu kukumbukana. Nyumba ambayo hakuna anayepika kamwe, si mume wala mke, itafute mahali pengine pa kufanyia mazoezi hayo, la sivyo watu wake watakuja kugundua siku moja kwamba hawajui tena mwenzao anapenda nini.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Walikuwa wakiyatazama mafiga matatu ya meko wakaona jambo lisilobishika: ukiondoa moja, chungu kinapinduka, hata kama yaliyobaki ni imara namna gani. Kwa hiyo ombi langu kwenu jioni hii ni dogo. Chakula kitakapopakuliwa, kabla hujaonja, kitazame. Jiulize kilianzia wapi: kuni zilitoka wapi, nani alichambua mboga, kibuyu kilipakwa kaa siku gani, nani aliacha chai ipoe. Hesabu ni mikono mingapi iliyokuwamo, na ni mingapi kati yake iliyokuwa yako. Kisha sema "kongoi", yaani asante, maana neno hilo ni zuri na halichoshi kulisikia. Ukishalisema, usikimbilie kuegemea kiti. Kusanya sahani. Chukua kibuyu kilichokwisha, ukioshe, ukiweke juani kikauke, ili kesho atakayetaka kukijaza asianze peke yake.